Paka Niliyemtoa Bisil

Niliiba paka. Nilimtia paka wa Habiba kwenye kiondo, nikamfunika kwa leso, nikatoka kwa mlango wa nyuma wa duka lake pale Bisil huku chai aliyonimiminia ikiwa bado inatoa mvuke. Kwa miaka ishirini nimesema vingine. Nimesema nilimwokota kando ya barabara, amechoka, nikamrudisha kwa mwenyewe kama ambavyo mtu yeyote mwenye utu angefanya. Nimeyasema hayo kwa mume wangu na kwa walimu wenzangu, na mwezi uliopita nikayasema tena Kajiado, nimeketi kwenye mkeka katika nyumba ya msiba, mbele ya binti wa marehemu.

Habiba alizikwa siku ileile aliyofariki, kama ilivyo desturi yao, kwa hivyo habari iliponifikia kaburi lilikuwa limeshakauka. Nilifika siku ya tatu. Binti yake, Nimo, ambaye nilimwacha akiwa na umri wa kuburuta viatu vya mama yake, sasa ni mwanamke mwenye miwani na watoto wake mwenyewe. Aliniletea chai ya iliki na tende, akawageukia wanawake waliojaa chumbani. "Huyu ndiye Mwalimu Mueni," akasema, "yule aliyempata paka wa Mama." Wanawake wakasema mashaallah. Nimo akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika. "Si ulimpata barabarani?" "Barabarani," nikasema. "Karibu na daraja?" "Karibu na daraja." Akatikisa kichwa taratibu. "Mama pia alikuwa anasema ni karibu na daraja," akasema, akanijazia kikombe ambacho hakikuwa kimepungua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyapekua maneno yale kama mtu anayechagua maharagwe. Ananishukuru au ananihoji? Na mama yake je, siku ile nilipomrudisha paka, akamnusa kichwani, akaniambia, "Mungu akulipe, Mwalimu, kwa kila kitu"? Mtu aliyerudishiwa paka mmoja anashukuru kwa paka mmoja. Hiki "kila kitu" kilitoka wapi?

Mwaka wenyewe ni 2004. Nilikuwa nafundisha historia katika shule moja ya binafsi Kitengela na kuandika tasnifu ya uzamili ambayo hakuna aliyekuwa akiisubiri. Chumba changu kilikuwa cha tatu kutoka langoni, katika safu ya vyumba sita vya mawe ambavyo Mama Naserian alivijenga baada ya kuuza kipande cha shamba la marehemu mumewe. Kilikuwa na dirisha moja, sakafu ya saruji iliyopakwa nyekundu, na mabati juu bila dari. Kati ya ukuta na mabati palikuwa na mwanya wa upana wa ngumi, na kwa mwanya huo panya walikuwa wanaingia wakitembea, hawakimbii, kama wapangaji waliochangia ujenzi. Walianza na omena. Wakaja kwenye sabuni. Halafu wakala sura ya pili ya tasnifu, sura ambayo mwalimu aliyenisimamia alikuwa ameirudisha mara tatu akisema haina nyama. Mbele kabisa ya ploti ile, likitazama barabara, ndipo lilipokuwa duka la Habiba, na ndipo nilipokuwa nashinda jioni nikisahihisha insha juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Alitoka Wajir, alikuwa na miaka mitano zaidi yangu, na ndiye aliyenifundisha kula tambi na ndizi mbivu katika sahani moja bila kuona aibu. Sikuwa na rafiki mwingine Kitengela. Hilo nalo nililikana kwa muda, lakini si dhambi kubwa.

Yeye ndiye aliyesema nitafute paka. Mutiso, mwalimu wa jiografia, akaniambia kuna kituo cha kuokoa wanyama huko upande wa nyanda, wanatoa paka bure. Neno "bure" lilinitia shaka tangu mwanzo. Nilikuwa najua paka hupatikana kwa mtu kukuambia chukua mmoja kabla sijawatupa. Huko nilikuta punda waliofungwa bendeji, mbwa wa miguu mitatu aliyenitazama kama askari wa lango la benki, na msichana wa umri wangu aitwaye Akinyi, aliyekuwa na buti za mpira na fomu ya kurasa nne.

"Kwa nini unataka paka?" akauliza.

"Kuna panya."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hivyo unatafuta mfanyakazi."

"Hapana. Natafuta rafiki."

"Rafiki wa kula panya."

"Rafiki. Hayo ya panya ni juu yake mwenyewe."

Hakucheka. Aliuliza paka atalala wapi, nikisafiri atabaki na nani, mwenye nyumba amekubali? Nikasema amekubali, ingawa Mama Naserian hakuwa anajua hata kwamba nimetoka. Kadiri alivyouliza ndivyo nilivyozidi kujiuliza hawa watu wanataka nini hasa. Mtu anayekupa kitu bure kisha anataka kujua dirisha lako linafungwaje, huyo ana jambo. Mwishoni nilitia sahihi kwamba sitamuuza paka wala kumpa mtu mwingine, kwamba nikishindwa nitamrudisha kwao, kwamba akipotea nitawaambia, na kwamba baada ya miezi mitatu Akinyi mwenyewe atakuja kuona anavyoishi. Nikapewa paka jike wa kijivu mwenye mistari, ameshafungwa uzazi. Ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imekatwa, sawasawa, kama kwa rula. Akinyi alieleza kwamba daktari huikata wakati paka bado amelala kwa dawa ya upasuaji, ili atakayemwona baadaye ajue ameshapasuliwa. Nikamwita Karani, kwa sababu siku ya kwanza alipanda juu ya madaftari ya Kidato cha Pili akakaa hapo mpaka jioni, bila kufanya kazi yoyote.

Mama Naserian alimwona asubuhi iliyofuata. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusimama mlangoni kwako bila kubisha, akihesabu masufuria yako kwa macho. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitikia, neno ambalo ndilo nusu ya Kimaasai changu chote. Akainama, akashika sikio la paka kati ya vidole viwili.

"Huyu paka ni wa nani?"

"Ni wangu, Mama."

"Hapana. Huyu ako na mwenyewe. Si unaona amekatwa?"

Nikamweleza habari za kituo, daktari, dawa ya usingizi. Alisikiliza huku akiendelea kulishika lile sikio, jinsi nilivyomwona akishika masikio ya mbuzi wake wanaporudi kutoka malishoni, kila mmoja na pengo lake lilelile la ukoo wa mumewe.

"Kwa hivyo wamemkata ndio wakakupa."

"Ndiyo."

"Na ukishindwa naye, unampeleka wapi?"

"Kwao."

"Ukitaka kumpa mtu?"

"Haikubaliki."

"Sasa?" akasema, akasimama wima. "Ni wao. Wewe umepewa uchunge tu. Si vibaya. Hata sisi tunapeana ng'ombe hivyo. Lakini usiambie watu ni wako." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi, "Na kama umeiba, sema sasa. Sitaki watu wa kituo waje hapa na polisi." Wiki nzima iliyofuata kila nilipopita langoni aliniuliza kama wenye paka wamekuja.

Nilimcheka, kwa Habiba, juu ya kreti yangu ya soda. Lakini somo la masikio liliniingia, au tuseme nusu yake iliniingia, ile nusu iliyonifaa. Nilianza kulitazama sikio la Karani kama hati ya kumiliki. Paka wengine wa mtaa wangeweza kuwa wa yeyote. Huyu alikuwa na alama, na alama ilisema Mueni.

Panya walipungua kwa muda wa mwezi mmoja. Kisha Karani akaanza kutoka asubuhi na kurudi jioni, tumbo limejaa, manyoya yananukia uvumba. Harufu ile niliijua. Ilikuwa ya chumba cha nyuma cha duka la Habiba, ambako alikuwa anafukiza nguo zake kila Ijumaa. Nilipomuuliza hakuficha kitu. "Bisad anakuja kwangu kunywa maziwa, abaayo," akasema. Bisad ni paka tu kwa lugha yao, na abaayo ni dada. "Wewe unampa omena. Ungekuwa wewe, ungekaa?" Nikacheka. Lakini nilianza kuhesabu saa ambazo paka alikuwa anakaa kwake na saa alizokuwa anakaa kwangu, na sikupenda jibu. Kitengela ya wakati ule ilikuwa ya watu waliotoka kwingine, na kila mmoja alimshuku mwenzake kwa adabu. Kwenye chumba cha walimu watu walisema mengi kuhusu Wasomali, kwamba hawauzi kitu bila kukificha kingine, kwamba ukicheka nao ujue umeshaibiwa. Mimi nilikuwa na shahada na nilijiona juu ya maneno hayo. Nilikuwa juu yake mpaka siku nilipoyahitaji.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mume wa Habiba, ambaye alikuwa akinunua mbuzi soko la Bisil, alikuwa amepata duka huko, na familia ikahama. Lori lilipakiwa tangu alfajiri: magunia ya sukari, maboksi ya tambi, magodoro, birika. Habiba alinikumbatia akaniambia Bisil si mbali, nisifanye kana kwamba anaenda Yemen. Jioni ile Karani hakurudi. Jumapili hakurudi. Nilitembea ploti zote nikiita "Karani! Karani!" mpaka wazee wawili wakatoka, nadhani walikuwa wamefanya kazi ofisini. Siku ya nne niliacha kutafuta, si kwa kukata tamaa bali kwa kujua. Nilikumbuka lile lori. Nilikumbuka alivyonikumbatia kwa muda mrefu, na nikaona sasa ni kwa nini. Alipopiga simu kunijulisha wamefika salama, nilimjibu kwa maneno mawili. Alipopiga mara ya pili sikushika. Kituo nacho sikukiambia, ingawa nilikuwa nimetia sahihi. Nilijiambia sitaki kumwingiza Habiba matatani. Ukweli ni kwamba nilimwogopa Akinyi, na siku yake ya kuja ilikuwa inakaribia.

Ushahidi uliletwa na Mutiso. Alikuwa ameenda Bisil kutafuta mbuzi wa sherehe kwa bei ya huko, akarudi na mbuzi na habari.

"Mueni, nimeona paka wako. Amelala juu ya magunia kwa yule Msomali wako."

"Una hakika?"

"Wa kijivu, mistari, sikio limekatwa."

"Sikio gani?"

"La kushoto. Mimi siku hiyo nilikuwa nanunua mbuzi, bwana. Nilikuwa naangalia masikio tu."

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa nikisema naenda Kajiado kufuatilia cheti. Mtu anayekwenda kukamata mwizi huanza kwa uongo mdogo, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Bisil ilikuwa na soko siku hiyo, vumbi limesimama hewani, wachungaji wamejaza barabara, na duka la Habiba lilikuwa na wateja mpaka nje. Aliponiona alipiga kelele kwa furaha, akanivuta kwa mkono hadi chumba cha nyuma, akaniketisha kwenye jamvi, akanimiminia chai, akaniletea anjera na sukari. Na pale, juu ya magunia, akiwa amenenepa na kung'aa, alikuwa paka.

"Umemwona bisad?" Habiba akasema, bila haya hata kidogo. "Ni mzuri, eh? Si anafanana na wako!"

Anafanana. Nilimtazama usoni nikashangaa jinsi mtu anavyoweza kuudanganya uso wake mwenyewe. Nilikuwa nimekuja na hotuba. Nilikuwa nimeipanga kama insha, utangulizi na hoja tatu. Lakini kuuliza ni kumpa mtu nafasi ya kudanganya zaidi, na mimi nilishaamua.

"Walaahi nimefurahi umekuja," akasema. "Kuna jambo nimekufanyia bila kukuuliza, na umenikatia simu siku hizi, sijui nimekosa nini. Ngoja nimalize hawa watu wa sukari, nije nikuambie vizuri. Usiende."

Jambo nimekufanyia bila kukuuliza. Kwangu mimi hilo lilikuwa ungamo tosha, na sikutaka kulisikia likiwa limepambwa. Alipotoka niliinuka. Paka hakupigana, alinitazama tu kwa mshangao, jinsi mgonjwa anavyomtazama daktari mgeni. Nje nilimwambia mwanamke aliyekuwa akifua amwambie Habiba nimewahi gari.

Kajiado nilibadilisha gari, na kwa kuwa sikuwa nimekula nikaingia hoteli moja karibu na stendi. Nilikuwa nimeagiza chai na sambusa mbili wakati kiondo kilipolia. Mhudumu, jamaa mnene mwenye aproni ya kijani, alisimama katikati ya chumba.

"Madam, kikapu yako inalia."

"Ni simu," nikasema.

Kikalia tena, kwa kirefu.

"Madam," akasema, akiinama na kushusha sauti, "mimi sina shida na wewe. Lakini hii ni hoteli ya nyama. Watu wakiona umeingia jikoni yangu na paka, kesho nani atakula sambusa?"

"Sijaingia jikoni."

"Huo ndio ukweli. Lakini si huo wataambiana."

Nilikunywa chai nimesimama nje, kiondo kifuani, nikijiona nimeonewa sana.

Nyumbani paka aliingia uvunguni mwa kitanda. Hakugusa omena. Hakupanda juu ya madaftari. Nilipoita "Karani" alitazama ukuta, lakini nilipojaribu "bisad," nikiona aibu, alitoa kichwa. Kila tofauti niliyoiona nilimtwika Habiba: amemdekeza, amembadilisha jina, amemharibu paka wangu. Wiki mbili zikapita hivyo. Siku ya pili tu Mama Naserian alikuwa amesimama mlangoni, akamtazama kwa muda usiozidi wa kumeza mate.

"Huyu si yule."

"Ni yule, Mama. Tazama sikio."

"Sikio nimeona. Mimi nakuambia uso."

"Lakini alama ni ileile!"

Akafyonza meno. "Mwalimu, ng'ombe wangu wote wako na alama moja. Alama inakuambia boma. Haikuambii ng'ombe. Ng'ombe unajua kwa uso." Alianza kuondoka, akageuka. "Na nyinyi ndio mnafundisha watoto."

Nilisema moyoni kwamba mama huyu hajasoma, kwamba tangu mwanzo alitaka kuniona mwizi na sasa amepata njia nyingine ya kufika palepale. Lakini tangu siku hiyo sikumtazama tena yule paka usoni. Nilimwekea chakula nikiangalia sahani.

Simu ililia siku ya Alhamisi, jioni, nikikata sukuma wiki. Akinyi alikuwa aje Jumamosi, kwa hivyo nilidhani anataka kuelekezwa njia.

"Mwalimu Mueni? Ni Akinyi, wa kituo. Mbona hukutuambia paka amepotea?"

"Hajapotea," nikasema. "Niko naye hapa."

"Hapana. Mimi ndio niko naye hapa." Nikasikia mbwa akibweka nyuma yake. "Wachimba mawe wamemleta asubuhi. Wanasema amekuwa machimboni kama mwezi hivi, wanamlisha ugali. Nafikiri alipanda lori la mawe hapo kwenu. Amekonda lakini ni mzima. Tumemfungua mdomo, lile jino la juu halipo, vile tuliandika siku ulimchukua. Ni yeye."

Sikuwa nimewahi kumfungua paka mdomo. Nilikaa kitandani, kisu bado mkononi.

"Uko hapo?"

"Niko."

"Sawa. Na kwa vile nimekupata, niulize lingine. Huyu rafiki yako Habiba, wa Bisil. Mmeongea wiki hii?"

"Habiba?"

"Alichukua paka kwetu siku wanahama. Lori lilisimama hapa nje kabisa, mzee wake anapiga honi, yeye anajaza fomu. Alisema ameona wako akampenda. Sasa huyo amepotea, na amepiga simu mara mbili akilia. Wakubwa hapa wanasema mtu wa kupoteza paka haraka hivyo tusimpe mwingine tena. Mimi nikasema ngojeni, nimuulize Mwalimu kwanza."

"Kwa nini mimi?"

"Si ni wewe alikuandika? Pale tunauliza ni nani anakujua vizuri, mtu anaweza kukusimamia. Wengi wanaandika pasta, ama chifu. Yeye ameweka jina lako peke yako. Nilimuuliza kama unajua, akasema atakuambia mwenyewe, anataka kukuomba msamaha kwa kutumia jina lako bila kukuuliza. Alisema hana mtu mwingine huku."

Paka wa Habiba alikuwa ametoka uvunguni. Alikuja akakaa mbele yangu kwenye saruji nyekundu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamtazama usoni. Hakuwa anafanana na Karani hata kidogo. Macho yalikuwa mbali zaidi, pua fupi, na chini ya kidevu alikuwa na doa jeupe ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeliona.

"Mwalimu," Akinyi akasema, na sauti yake ikawa ileile ya siku ya fomu, "huyo unasema uko naye hapo, ulimtoa wapi?"